Kiwanja Namba Saba, Watu Wawili

Kosa lilianzia langoni, na lilikuwa kosa la sarufi. Mimi si mwalimu, ni fundi wa injini, lakini hilo nalijua.

Askari wa hifadhi, kijana mwembamba aliyevaa kofia iliyomzidi kichwa, aliinama dirishani mwa gari langu akasema, "Karibuni sana. Hamjambo?"

"Hatujambo, tumefika," nikajibu.

Mtu aliyeishi na mke miaka thelathini na minane hajui kujibu vinginevyo. Mke wangu alikuwa amefariki miezi minne kabla, na katika miezi hiyo yote sikuwahi kulitamka jambo hilo kwa mdomo wangu. Msibani alitangaza shemeji yangu. Mtaani walishasikia. Kazini nilikuwa nimestaafu. Hakuna aliyenilazimisha kusema, basi ulimi wangu ukazoea huo uvivu, na siku zilivyozidi kwenda ndivyo nilivyozidi kuogopa siku nitakayoulizwa.

Gari lenyewe ni basi dogo lililochoka. Nililinunua kwa bei ya chuma chakavu nikaligeuza nyumba: kitanda, jiko la gesi, sinki, na pazia la maua katikati. Pazia lilikuwa wazo lake, maana mimi na maua wapi na wapi. Tulipanga nikistaafu tuliegeshe kando ya mto hifadhini wiki nzima, asikilize maji bila mtu yeyote kumwita jikoni.

Askari alichungulia ndani. Aliona ncha za mito miwili ya kulalia kando ya pazia lililofungwa, na kandambili za kike chini yake. Akashusha sauti.

"Mama kapumzika?"

"Amepumzika," nikasema.

Nilijua ninavyosema, na nilijua anavyosikia. Ningeweza kumsahihisha palepale. Badala yake nilimtazama akiandika daftarini: kiwanja namba saba, watu wawili. Nilifurahi, sitaficha. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi minne mtu kutuandika pamoja.

Kiwanja chetu kilikuwa cha mwisho, chini kabisa, hatua ishirini tu kutoka majini. Nilifunga turubai, nikatoa viti viwili vya kukunja, nikaona aibu nikakunja kimoja, kisha nikaona aibu zaidi nikakikunjua tena. Majirani wa namba sita walikuwa na mahema matatu, watoto wasiotulia mahali pamoja, na mama mmoja mnene mwenye huruma ya kuchosha.

"Mgonjwa wetu anaendeleaje?" aliniuliza kwa sauti iliyosikika ng'ambo ya mto. Sijui nani alimwambia kuna mgonjwa.

"Amepumzika tu, mama."

Jioni akaleta sahani mbili za chakula zimefunikwa. Nilizila zote mbili, ya pili kwa taabu, nikazirudisha zimeoshwa.

"Naye kala?"

"Tumeshiba mno. Tunashukuru."

Alicheka kwa furaha, na mimi nikarudi kwenye kiti changu. Mto ulikuwa mzuri kama mke wangu alivyowaza. Ila kitu kizuri kinataka mtu wa kumgusa bega umwambie sikiliza, na ukimkosa huyo, mto unabaki kuwa kelele za maji. Nikaingia ndani, nikalala upande wangu wa ukutani, nikaacha nafasi.

Kulipopambazuka tuliamshwa na firimbi. Kwetu halikuwa limedondoka hata tone, lakini mvua ilikuwa imenyesha milimani na mto ulikuwa umefura. Njia ya kutoka viwanjani ilishafunikwa na maji pale bondeni. Amri ikatoka: magari na mahema yaachwe, kila mtu apande langoni kwa miguu, upesi. Nilichukua koti nikafuata wengine, maji yakinifika magotini.

Langoni askari alifungua daftari lake.

"Namba tano, watu wanne."

"Tupo!"

"Namba sita, watu tisa."

"Tupo!"

"Namba saba, watu wawili."

"Tupo," nikasema.

Mama wa namba sita aligeuka. "Mpo na nani? Mama yuko wapi? Jamani, mgonjwa kaachwa garini!"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno mawili matatu, na ulimi ukagoma kuwaka. Askari hakusubiri. Alimtupia daftari askari aliyebaki langoni, akanyakua kamba, akatimua mbio kuteremka, na mwenzake mwenye redio nyuma yake.

Nikawafuata na magoti yangu mabovu. Nilipofika, kijana alishajifunga kamba kiunoni, mwenzake kashika ncha ya pili, na maji yalikuwa yamemfika kifuani. Mbele yake maji yaligonga madirisha ya gari langu.

"Rudi!" nikapiga kelele. "Rudi, mwanangu!"

"Usijali, baba, nitamtoa!"

"Hayupo!"

Hilo ndilo neno nililoliokota, na lilikuwa baya kuliko yote. Kijana alisimama, akaligeuzia gari mgongo, akautazama mto. Alidhani mke wangu kachukuliwa na maji. Akaanza kuelekea kwenye matete, pale mkondo unapopinda, akiita, "Mama! Mama!" Kamba ikakaza. Kofia yake ikaenda na maji. Kichwa kikazama, kikaibuka, kikazama tena.

Kijana wa watu alikuwa anakwenda kufa kwa sababu mimi nasema kwa adabu.

"Amekufa!" nikapiga ukelele ambao sikuujua kuwa ni wangu. "Mke wangu amekufa! Alikufa hospitalini, nimemzika kwa mikono yangu! Sikuja na mtu! Niko peke yangu!"

Mwenzake alinitupia jicho moja tu, na wote wawili tukaishika kamba tukavuta. Kijana alitoka kwa magoti, akatapika maji, akakaa akitetemeka. Nilingoja anitukane. Nilistahili.

"Si ulisema kapumzika?" akauliza.

"Nilisema."

Alifuta maji usoni, meno yakigongana. "Pole, baba," akasema.

Mwenzake alikuwa mtu wa kazi. Alijifuta tope mkononi, akainua redio.

"Lango, rekebisha hapo. Namba saba, mtu mmoja. Narudia, mtu mmoja. Hakuna aliyepotea."

Ndipo nilipokaa chini kwenye tope nikalia.