Dawa ya Kushikilia

Muuguzi wa kliniki ya uzazi alikuwa na kipaji cha kufanya mambo makubwa yaonekane madogo. Siku mbegu za mume zilipopitishwa kwa mrija hadi kwenye mfuko wa uzazi, kazi ya dakika chache tu, alimkabidhi mke, mwanamke dobi, kifurushi cha vidonge vya homoni.

"Hii ni dawa ya kushikilia," alisema. "Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Unaweka ukeni, halafu unalala chali nusu saa. Usiruke hata siku moja."

Dobi hakuruka. Mwanamke anayenyoosha mashati arobaini kabla ya saa sita bila kuunguza kola si wa kusahau kidonge. Wiki haikuisha matiti yakaanza kumuuma, harufu ya wanga wa mashati ikamtapisha, na mchana akawa anasinzia wima, pasi mkononi. Wifi yake, aliyefanya naye kazi meza moja, alimtazama mara moja tu.

"Wifi, imeshika! Dalili zote hizo, unasubiri nini tena, barua?"

Mdomo wa wifi huyo hauna breki. Jua halijatua mama mkwe alishapata habari, na mashangazi wawili, na kwa ninavyomjua, hata mteja aliyekuja kuchukua suti yake. Dobi alicheka tu. Miaka saba ya ndoa alikuwa anasubiri kuambiwa neno hilo, akaliamini, nami simlaumu.

Siku ya kumi na tano alikwenda kutolewa damu ya kipimo. Mchana simu ikaita, akatoka nje kuipokea katikati ya mashuka yaliyoanikwa.

"Pole, dada yangu," muuguzi alisema. "Safari hii haikushika."

"Lakini natapika! Na siku zangu hazijaja."

"Ni dawa hiyo. Inaleta dalili kama za mimba, na inazuia damu isitoke. Acha kuitumia, baada ya siku chache utaziona siku zako."

"Si ulisema ni ya kushikilia?"

"Inashikilia, dada. Hata kama hakuna kitu."

Alirudi ndani akaendelea kunyoosha. Hakumwambia mtu. Jioni akaweka kidonge, na asubuhi kingine, na jioni kingine. Alijua fika kwamba ni upuuzi. Ila miezi mingine yote damu ilikuja yenyewe, akapata wa kumlaumu asiye yeye. Safari hii ingekuja kwa sababu yeye ameiachia, kwa mkono wake mwenyewe, na hilo lilimtia hofu. Kazini wifi alimnyang'anya kila ndoo asije akajiumiza, na kila aliponyang'anywa alijiona tapeli.

Jumamosi asubuhi aliweka kidonge cha mwisho. Vimekwisha, akajiambia, sasa mambo yatajiamulia yenyewe. Alasiri mumewe, fundi umeme asiyependa maneno mengi, akaingia chumbani na kifurushi kipya, akakiweka kitandani alipokaa mkewe.

Dobi akakitazama, machozi yakamtoka.

"Muuguzi alisema niache," alisema. "Tangu Jumatatu. Haikushika, mume wangu. Nimekuwa nikikudanganya."

Mume alivua kofia, akaketi.

"Najua. Leo nimepita kliniki kuomba uandikiwe dawa nyingine. Muuguzi akashangaa, alidhani umeshaniambia."

"Sasa vidonge hivi umevinunua vya nini?"

Mikono ya mume, inayounganisha nyaya nyembamba kuliko uzi bila kutetemeka, ilihangaika na karatasi ya kifurushi mpaka ikachanika. Akatoa kidonge kimoja, akakitia kiganjani mwa mkewe, akamkunja vidole.

"Cha leo tu," alisema bila kumtazama. "Nakuomba, mke wangu. Cha leo tu."