Mama Amehamia Kwenye Sakitu

Kavindu alikuwa na hakika kwamba mama yake hangemaliza hata siku tatu Mbaaini. Mama huyo, Kalondu, alizaliwa Kitui kwenye jua la kuchoma utosi, na tangu aje Nairobi kukaa na bintiye mkubwa, kila mwezi wa Julai ulikuwa vita. Katika ile nyumba yao ya Kaloleni, nyumba ya zamani ya kuta za mawe, alikuwa akishinda kitini na blanketi magotini, soksi za sufu miguuni na chai ya tangawizi mkononi, na bado akisema magoti yanamla. Kavindu ndiye aliyenunua blanketi. Ndiye aliyenunua soksi. Na ndiye aliyekuwa akiyasugua magoti hayo kwa mafuta kila jioni akirudi kutoka Eastleigh, alikokuwa karani katika duka la vitambaa la Habon.

Basi mdogo wake Nzilani alipopata kazi ya ualimu Mbaaini, akasema angependa mama apande kule akae naye japo wiki moja, Kavindu alicheka. Mbaaini ni kijiji kidogo huko juu, ukishapita Kinangop, kimejibanza chini ya msitu. Kina shule, kanisa, nyumba chache za mbao, na baridi ambayo hata majirani zao wa mabondeni huiongelea kwa kuheshimu. Alfajiri sakitu hulala juu ya nyasi, nyeupe kama unga, ikaunguza majani ya viazi yakawa meusi. Watu huanua nguo kwenye kamba zikiwa zimekakamaa kama mbao.

"Mwache aende," Kavindu alimwambia mumewe, Mbaluka, dereva wa lori ambaye siku hiyo alikuwa nyumbani. "Atarudi mwenyewe, mbio."

Wiki ikaisha. Kalondu akapiga simu kusema ataongeza nyingine. Hiyo nayo ikaisha. Mwezi ulipotimia, alimwomba Kavindu amtumie zile leso zake mbili na kitambaa cha kichwa, na hapo Kavindu akajua mambo yamekuwa mengine.

Simu za jioni ndizo zilizomtesa. Nzilani alikuwa akiishika simu yake ili mama aonekane, na Kavindu, amekaa kitandani Kaloleni na bintiye Kaluki begani, alimwona mama ambaye hakumfahamu vizuri. Amevaa koti kubwa la kiume, kofia ya sufu imeshuka hadi nyusi, gambuti miguuni. Nyuma yake moto unawaka, na kuna watu; siku zote kulikuwa na watu. Jioni moja alinyanyua kipande cha barafu alichokitoa kwenye beseni asubuhi akakificha kivulini mpaka jioni ili amwonyeshe mjukuu wake.

"Tazama, Kaluki. Maji yamekuwa kioo."

Kaluki alipiga makofi. Kavindu akauliza magoti yanaendeleaje. Mama yake akamtazama kama mtu aliyeulizwa habari za jirani aliyehama zamani, akasema, "Magoti? Yapo," kisha akageuka kumjibu mtu aliyekuwa akimwita kutoka upande wa motoni.

Usiku wa simu hiyo Kavindu hakula. Hakuwa mtu wa roho mbaya. Majirani pale Kaloleni wangekuambia hivyo. Lakini kitu kilimkaa kifuani kama mfupa wa samaki. Yeye ndiye aliyemsimamia mama hospitalini presha ilipopanda. Yeye ndiye aliyemkatia kucha. Nzilani alikuwa wapi? Chuoni, halafu kwa marafiki, halafu akitafuta kazi. Na sasa, kwa sababu ya chumba kimoja cha mbao na baridi ya kuua kuku, Nzilani ndiye aliyekuwa na mama. Kazini Kavindu alianza kukosea rangi za vitambaa. Habon alimuuliza kama nyumbani kuko salama, akajibu kwamba mama yake anachelewa kurudi.

Ijumaa moja, baada ya simu nyingine ya kicheko, alikaa jikoni akawaza, kisha akapiga yeye. Hakupiga ya picha. Alimwambia mama yake kwamba Kaluki ana homa kali, hajala, na anamlilia susu wake, yaani bibi, kama Wakamba wanavyosema.

 Kalondu akasema, "Nakuja."

Neno hilo lilimwingia Kavindu tamu kuliko asali. Alilala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Asubuhi aliosha nyumba, akatandika kitanda cha mama, akapika pure, mahindi na maharagwe vile mama alivyopenda. Halafu akamwambia Kaluki apande kitandani ajifunike. Mtoto akauliza kwa nini, na yeye ni mzima. Kavindu akamwambia ni kidogo tu, mpaka susu afike. Aliposema hivyo hakumtazama usoni.

Alitegemea mama angekuja peke yake na mfuko wake. Lakini kabla ya saa sita pikapu ya kubeba maziwa ilisimama karibu na uwanja, mbele ya jumba la kijamii, na watu wanne wakashuka. Kalondu alitangulia. Nzilani akafuata, amebeba shuka. Nyuma yao alikuwa kijana mrefu, Ngigi, mwenye pikapu, akimshika mkono mama yake, mwanamke mnene aliyevaa sweta mbili na koti juu. Wote walikuwa wakitoka jasho. Kwa watu wa Kaloleni ile ilikuwa siku ya baridi, watu wamejikunyata milangoni, na hawa wageni wakawa wanavua makoti kama waliofika pwani.

Waliingia na vitu. Ndoo ya maziwa. Chupa ya asali ya msituni. Karoti, kabichi, na sweta ya mtoto, ya manjano, ambayo sindano zilikuwa hazijatolewa kwenye mkono mmoja. Nzilani alieleza haraka haraka, amesimama bado. Habari ilipofika usiku, alisema, mama alitaka kutembea gizani hadi barabarani. Watu walikusanyika. Ngigi akasema maziwa yake yatasubiri, na wenzake wakayabeba kwa punda hadi kituoni. Walimwagia kioo cha gari maji ya vuguvugu ili sakitu iyeyuke. Mama Ngigi alifuma njia nzima ili mtoto apate kitu cha kumpasha moto kifua. Kanisani waliacha watu wanaomba.

Kavindu alisikiliza yote. Alitaka kusema kitu, badala yake akasema karibuni, kaeni, nitachemsha chai.

Kalondu hakukaa. Alipita moja kwa moja hadi kitandani, akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye paji la Kaluki, kisha shingoni, kisha tumboni.

"Susu," Kaluki akasema kwa adabu, "Mama aliniambia nilale mpaka ufike. Sasa umefika. Naweza kuamka?"

 Nje wasichana walikuwa wakiruka kamba, na nyimbo zao zikawa zinaingia dirishani kana kwamba mtu amezifungulia sauti. Mama Ngigi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kidogo, alimuuliza mwanawe kitu kwa Kikuyu. Ngigi aliangalia viatu vyake, hakutafsiri. Mwanamke huyo akaja mwenyewe kitandani, akamgusa mtoto, uso ukamng'aa. Akainua mikono akamshukuru Mungu kwamba mtoto amepona. Hilo ndilo lililomvunja Kavindu. Aliingia jikoni akafunika uso kwa khanga.

Mama yake alimfuata, akarudisha mlango.

Kavindu alingoja kugombezwa. Kalondu alivuta kigoda akakaa kwanza.

"Ungeniambia umenikosa, ningekuja," alisema. "Kwa nini umemtia mtoto ugonjwa kwa mdomo?"

"Nilikwambia mara ngapi urudi, Mwaitu?" Kavindu alimwita kama walivyozoea kumwita mama kwao. "Kila siku unasema kesho. Hapa ulikuwa ukilia baridi, nikakununulia kila kitu. Kule kuna barafu na unacheka. Mimi nilikosea wapi?"

Kalondu alifikiri. Hakuwa mwepesi wa maneno. Alisema hakuna alipokosea. Alisema tu kwamba asubuhi Kavindu alienda kazini, Kaluki shuleni, Mbaluka barabarani, na yeye akabaki na redio mpaka jua lishuke. Akinyanyua ufagio aliambiwa apumzike. Akiwasha jiko aliambiwa ataungua. Kule Mbaaini kuni ni za shida, kwa hiyo nyumba tatu hukoka moto mmoja, na anayekaa bila kazi husukumiwa viazi amenye. Alikuwa akiwafundisha wanawake wa kule kusuka vyondo, vile vikapu vya kwao Kitui, na wao walikuwa wakimcheka jinsi anavyovaa kofia.

"Magoti yananiuma mpaka leo," alisema. "Hapa niliyasema kila siku kwa sababu ukirudi umechoka, magoti ndiyo uliyokuwa ukiyasikiliza."

Kavindu alilia bila sauti. Mlango ukasukumwa, Nzilani akaingia, macho mekundu kwa hasira. Alimwambia dada yake kwamba ameaibisha watu waliolala macho kwa ajili yake. Kavindu akamjibu kwamba ni rahisi kupata mama aliyekwisha kutunzwa na mwingine.

"Nani alikwambia umtunze peke yako?" Nzilani aliuliza. "Mwaka nilioingia chuoni ulimleta huku bila kuniuliza. Nilirudi nyumbani Kitui likizo nikakuta mlango una kufuli. Nililala kwa jirani. Miaka yote hiyo nikipiga simu, wewe ndiye uliyepokea, ukaniambia amelala."

 Ilikuwa kweli. Mara nyingine mama alikuwa amelala. Mara nyingine alikuwa amekaa pale pale, na Kavindu hakutaka tu kumgawa. Alikuwa hajawahi kujiambia hivyo.

Kalondu aliwatazama wote wawili. Akasema ana njaa, na Kavindu awapakulie wageni, lakini kwanza aende awaambie ukweli kwa mdomo wake, maana maombi bado yanaendelea kule juu.

Alikwenda. Alisimama mbele ya mama Ngigi, mikono kifuani, akasema kwamba mtoto hakuugua, kwamba alidanganya kwa sababu alimwonea wivu dada yake. Ngigi alitafsiri taratibu, macho chini. Yule mwanamke alisikiliza mpaka mwisho. Akamtazama Kavindu, akamtazama na Kalondu. Kisha akauliza kama mtoto anapenda maziwa mabichi au ya kuchemsha. Kavindu angependa zaidi kutukanwa.

Walikula pure, wakamaliza. Mama Ngigi alikaa mlangoni akimalizia mkono wa sweta, huku Kaluki akimshikia uzi. Alasiri waliondoka, na Kalondu akaondoka nao. Shule zilikuwa zimefungwa, na Kaluki aliomba kwenda hadi Kavindu akachoka kukataa. Mbaluka alipopigiwa simu alisema mtoto avalishwe vizuri, basi.

Garini, Kalondu alishusha kioo.

"Nzilani amekualika mara ngapi?" aliuliza. "Na wewe utakuja lini?"

Kavindu alikumbuka kila mwaliko na kila jibu lake: kazi, mvua, uchovu. Alisema atakuja mwisho wa mwezi. Mama yake akaitikia kwa kichwa, si kama mtu aliyesadiki sana, na pikapu ikaondoka.

Jumatatu Habon alimkubalia siku chache za likizo. Jumatano, akitoka kazini, alipitia soko la Gikomba kutafuta koti la mtumba. Muuzaji, kijana mwenye maneno mengi, alimwonyesha jaketi nyepesi, ya rangi nzuri.

"Sasa madam, hii itakutoshea. Unaenda wapi?"

"Mbaaini."

Hakupajua. Kavindu alikuwa akimweleza habari za sakitu aliposikia simu ikilia mkobani. Ilikuwa Kaluki, mashavu mekundu, anapiga kelele kwamba amekanyaga nyasi zikavunjika kama biskuti, kwamba analala katikati ya susu na mama mdogo Nzilani, kwamba hataki kurudi. Nyuma yake wakacheka watu ambao Kavindu hakuwaona.

Ule mfupa ukamchoma tena pale pale kifuani. Aliungoja utulie, haukutulia wote. Akamwambia mtoto awasalimie. Kisha akairudisha ile jaketi nyepesi juu ya rundo, akamwomba kijana amtafutie nzito zaidi.