Mkono wa Shangazi na Bei ya Shaba

Sanduku la Shangazi lilikuwa tayari juu ya mkokoteni, limekazwa kamba, na Fundi Pampu, mchumba wake, alikwisha kushika mipini, pale mkono wa kulia wa Shangazi ulipopata joto. Alikuwa ameunyoosha kumuaga wifi yake. Wifi yake aliushika, akauachia, akageukia ndani.

"Baba Mchumi, hebu njoo uushike huu."

Kaka yake Shangazi akatoka na kikombe cha chai. Alikuwa msoma mita za maji aliyestaafu, na bado alikuwa na tabia ya kuinama kidogo mbele ya kila kitu kana kwamba kina namba. Akaweka vidole viwili kwenye kiganja cha dada yake, kama mtu anayepima maji ya kumwogesha mtoto.

"Joto la kawaida au lile lenyewe?"

"Lile lenyewe," akasema Shangazi. Hakuwa mtu wa kudanganya, na hapo ndipo alipokuwa anaumizwa.

"Basi kesho shaba inapanda. Fundi, tua mkokoteni."

"Nimeshaunyanyua, shemeji."

"Ndiyo maana nakwambia utue."

Fundi Pampu akautua. Walitaka kushusha sanduku, Shangazi akakataa. Alisema umri wake haumruhusu kufungasha nguo zile zile mara mbili, likae hapo hapo, atakuja kulifuata mwenyewe. Sanduku likabaki juu ya mkokoteni, getini, mkabala na dirisha la chumba cha Shangazi, na Fundi Pampu akarudi kwake kwa miguu.

Shangazi alikuwa fundi wa mota. Zaidi ya nusu ya maisha yake aliyamaliza kwenye banda lake kando ya mashine ya kusaga, akifunga upya mota zilizoungua: za pampu, za feni, za mashine za kukoboa. Alikata waya ulioungua, akavuta waya mpya wa shaba nyekundu katikati ya vidole, akauzungusha mpaka koili ijae, akaichovya kwenye vanishi, akaianika. Waya mwingi sana ulipita kwenye mkono ule, na baadhi ya shaba haikupita, ilibaki. Kwanza kucha zilipata wekundu. Baadaye mistari ya kiganja ikaanza kung'aa. Yeye alidhani ni vanishi.

Kisha akagundua kwamba mkono ukipata joto leo, kesho muuza waya anapandisha bei. Ukipoa na kutoa ukijani kidogo kwenye vifundo, kesho anashusha. Alilitumia jambo hilo kununua waya mapema, basi. Siku moja alilitaja mezani nyumbani kwa kaka yake, alikokuwa akiishi tangu ujana, kwa namna mtu anavyosema kwamba goti lake linajua mvua. Akaomba chumvi. Hakuna aliyempa chumvi. Wote walikuwa wanautazama mkono.

Mtoto wa kaka yake aliitwa Mchumi kwa sababu aliwahi kukaa chuo cha biashara mpaka yeye na chuo walipochokana. Ndiye aliyeeleza. Dhahabu, alisema, kila mtu anaijua, imeshaamka. Shaba bado imelala. Magari ya umeme yanaitaka, simu zinaitaka, kila ukuta wenye swichi una shaba ndani yake. Mwenye kuishika sasa hivi, mkononi, siyo kwenye karatasi, ndiye atakayecheka.

"Na wengine wanabahatisha," akasema. "Sisi tuna Shangazi."

Waliuza banda. Kaka yake ndiye aliyeliuza, pamoja na mashine ya kuzungushia koili, kwa kuwa Fundi Pampu alikuwa ameshaleta posa na mwanamke anayeolewa, alisema kaka, banda la nini. Fedha hiyo wakaipeleka kwenye duka moja mjini lenye kiyoyozi na viti vya kuzama, wakanunua miche ya shaba, mikubwa kama miche ya sabuni, kila mmoja umepigwa muhuri wa mnyama ambaye hakuna aliyemtambua. Wakanunua na sarafu kuukuu zenye tundu katikati, za serikali zilizokwisha ondoka.

"Tukiuza tu, nusu ni yako," kaka akamwambia Shangazi. "Unakwenda kwa mumeo kwa heshima. Siyo na sanduku moja kama mtu aliyefukuzwa."

"Mimi sanduku moja linanitosha, kaka."

"Linakutosha wewe. Sisi watatuonaje?"

Shaba ina shida moja ambayo dukani haikutajwa. Fedha ambayo ukinunulia dhahabu unaitia mfukoni na kwenda zako, ukinunulia shaba inajaza korido. Miche ilipangwa chini ya vitanda, ikapanda mpaka vitanda vikawa kama majukwaa. Ikapangwa nyuma ya makochi, jikoni, kwenye ngazi za bafuni. Sarafu zilimiminwa kwenye beseni la kuogea, na waliotaka kuoga walisimama juu yake. Mchana jua lilipoingia, mwanga ndani ya nyumba ulikuwa mwekundu wa taratibu, na wote walionekana kama watu waliokwisha kuhama na kuacha picha zao. Hewa ilikuwa na ladha ya mtu aliyeweka sarafu mdomoni. Kukiwa na joto kali miche ilivuma kwa sauti ndogo, nao wakalala mchana bila kutaka.

Nyumba ikaanza kuzama. Ilizama polepole, kama mzee anayesinzia kwenye kiti huku akidai anasikiliza. Kizingiti kilitangulia kupotea. Wageni wakaambiwa waangalie, siku hizi tunashuka kuingia. Mchumi alisema ni dalili nzuri, kitu chepesi hakiwezi kuzamisha nyumba. Baba yake akachimba vidato viwili vya kushukia, akavisakafia vizuri, akaridhika.

Kila asubuhi Shangazi aliitwa mezani. Alinyoosha mkono, kiganja juu, na wote wakaugusa kwa zamu kabla ya kunywa chai. Mkono ukipoa, walinunua, kwa sababu bei imeshuka. Ukipata joto, walingoja, kwa sababu bei inapanda. Siku ya kuuza haikuwamo katika mpango huo, na hakuna aliyeiulizia.

Kila Ijumaa Fundi Pampu alikuja na pampu ya mkono kujaza upepo tairi za mkokoteni. Shangazi alitoka akakaa pembeni ya sanduku. Nguo zake alizichukua humo humo. Akitaka gauni, alikwenda getini, akafungua kamba, akatoa gauni, akafunga kamba.

"Wanasemaje leo?" Fundi Pampu aliuliza, akipampu.

"Joto."

"Na jana?"

"Joto."

"Wewe mwanamke unanichomea miaka."

"Si mimi, ni soko la dunia."

"Hilo soko la dunia lina mke?" Akabonyeza tairi kwa kidole gumba. "Maana naona limekaa na wa kwangu."

Shangazi akacheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haukukunjika tena vizuri. Kwenye kidole chake kimoja kulikuwa na pete ya nyuzi tatu za waya zilizosokotwa, aliyotengenezewa na Fundi Pampu kutokana na waya wa mwisho uliobaki kwenye banda, siku mwenye banda mpya alipokuja na kufuli lake. Sasa hivi banda lile lilikuwa linauza makava ya simu.

Mara moja walijaribu kuuza. Wifi ndiye aliyeshinikiza, maana mlango wa jikoni ulikuwa haufunguki tena na aliingilia dirishani. Wakamwita mnunuzi wa vyuma chakavu, akaja na mzani wake wa kuning'iniza. Akaukwaruza mche mmoja kwa kisu, akautazama.

"Shaba nyekundu safi," akasema. "Nachukua."

"Kwa bei ya soko la dunia," akasema Mchumi, akionyesha simu.

"Kwa bei yangu. Soko la dunia haliji hapa na mzani."

"Na muhuri je? Tulilipia muhuri."

"Kwangu muhuri hauna uzito, kijana." Akachota sarafu, akazitikisa, akazimwaga. "Hizi zina bati. Hizi hata sizigusi."

Bei aliyotaja ilikuwa mbali sana chini ya ile waliyolipa kwenye viti vya kuzama. Kaka yake Shangazi aliurudisha mche mahali pake, akaufunika blanketi. Akamwita dada yake na kumshika mkono. Ulikuwa na joto.

"Si mnaona? Inapanda. Tungoje ipande mpaka ifidie."

Na kesho yake ilipanda, kama mkono ulivyosema. Ilipanda kidogo. Mkono ule haukukosea hata mara moja, ila ulijua upande tu, haukujua umbali.

Nyasi zikaota kati ya magurudumu ya mkokoteni. Shaba ilifika kwenye kifundo cha mkono, hapo palipo na bangili kwa watu wanaovaa bangili, ikasimama kwa mstari ulionyooka. Vidole vilikaa wazi, kiganja juu, namna vilivyokuwa vikiombwa kila asubuhi. Wifi alimkatia Shangazi nyama kwenye sahani bila kuambiwa. Hakuwa mtu mbaya. Akimaliza kukata aliugusa mkono, mara moja tu, akaenda kumwambia mumewe.

Siku kizingiti cha dirisha kilipolingana na ardhi ya uani, Shangazi alikuwa amekaa kitandani kwake, juu ya miche. Mbele ya macho yake, sawasawa kabisa, kulikuwa na gurudumu la mkokoteni, na viatu vya Fundi Pampu, na pampu ikipanda na kushuka. Ilikuwa Ijumaa. Alivitazama viatu vile kwa muda. Kisigino kimoja kilikuwa kimelika upande.

"Mume wangu," akaita, na hakuwahi kumwita hivyo. "Una spana ya bomba hapo?"

"Ninayo."

"Nipe. Na mafuta kidogo."

Fundi Pampu akapitisha spana dirishani. Kaka yake Shangazi alikuwa kwenye korido, akasikia chuma, akaja, na mkewe na Mchumi nyuma yake.

"Unakwenda wapi?"

"Nakwenda kwangu."

"Leo? Na joto hili?" Akaushika mkono. "Dada, usitufanyie hivyo. Tumeweka kila kitu humu. Mkono huu siyo wako peke yako, ni wa familia."

Shangazi akafikiri. Alikuwa mtu wa haki, na maneno ya kaka yake aliyachukua kama yalivyosemwa.

"Haya," akasema. "Wa familia ubaki na familia."

Akadondosha mafuta kwenye ule mstari, akamwomba Mchumi amshikie, akakaza spana kwa mkono wa kushoto, akazungusha. Ulikuwa mgumu mwanzoni, kama koki iliyokaa miaka. Kisha ukalegea. Mchumi akazungusha mizunguko iliyobaki kwa vidole, ukatoka, akauweka kwenye meza ndogo kando ya kitanda, kiganja juu. Mezani bado ulikuwa na joto. Waliuhakikisha wote watatu.

"Una joto," akasema kaka yake, na uso wake ukalainika. "Haya, mama. Nenda salama. Tukiuza tu, nusu yako."

Shangazi aliivua ile pete ya waya kwenye kidole cha mkono uliokuwa mezani.

"Wifi," akasema mke wa kaka, kwa upole. "Hiyo nayo ni shaba."

Shangazi akamtazama. Akaitia pete mdomoni, kwa kuwa alihitaji mkono wake uliobaki kwa ajili ya kushika dirisha, akapandisha mguu, akatoka nje. Fundi Pampu akamvuta begani. Hawakuongea mpaka walipopita getini, kwa sababu ya pete.

Walioana, wakaishi vyumba viwili nyuma ya karakana ya pampu. Shangazi alirudia kufunga mota, mkono wa kushoto ukizungusha na mumewe akishika ncha ya waya, na kazi ilikwenda polepole, ikatoka safi. Sanduku liliwekwa chini ya kitanda. Mkokoteni unabeba pampu.

Mchumi alifungua darasa la kufundisha watu kuwekeza kwenye madini. Analifanyia uani, kwa kuwa wanafunzi waliogopa kushuka ndani.

Wifi aliona kwamba mkono ulikaa vizuri chini ya birika, akaanza kuliweka birika juu ya kiganja ili chai isipoe. Tangu hapo mkono una joto kila asubuhi.

Shaba ilianguka mwaka uliofuata, ikaanguka sana. Shangazi alijua siku moja kabla, kwa ubaridi uliomshika mahali pasipokuwa na kitu, mbele ya mstari. Alimwambia mumewe, na mumewe akauliza kama waende wakawaambie. Walikwenda. Walisimama juu, karibu na bati la paa, wakaita. Kaka yake alijibu kutoka chini, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa, akasema asante, dada, lakini mkono wanao, wameushika sasa hivi, na una joto.

Fedha ya banda haikurudi. Muuza makava ya simu ameongeza chumba cha pili. Nyumba inaonekana paa tu, na ukipita mchana jua likiwa kali unaweza kuisikia ikivuma. Ukiuliza kama wamo, watakwambia wamo, wanangoja kidogo.