Kizibo cha Bwawa

Mwaka ule wa kuhamia vijiji vya Ujamaa, neno uzembe lilinichosha kuliko mlima wa kwenda mahakamani. Mwalimu akichelewa, uzembe. Ng'ombe akifa kwa kupe, uzembe. Viongozi walilitamka mikutanoni hadi mishipa ya shingo ikawatoka, kisha wakaniachia mimi, hakimu wa mahakama ya mwanzo, nihangaike na maana yake.

Siku hiyo waliniletea Abrahamu, mgawa maji wa kijiji kimoja juu ya Lukozi. Maji ya mfereji wao hujaa bwawani usiku. Alfajiri yeye huchomoa kizibo cha mti, maji yakashuka mashambani. Kizibo kile hakiguswi na mtu mwingine. Walirithi hivyo kwa babu zao, na siasa ya Ujamaa haikuwabadili. Basi mvua ya masika ilikuwa imenyesha, kizibo hakikuchomolewa, ukingo ukapasuka, na kabichi za shamba la kijiji zikaenda bondeni pamoja na udongo wake. Wakubwa wilayani wakataka mtu wa kuadhibiwa. Mwenyekiti wa kijiji, Rubeni, akamtoa Abrahamu.

"Kwa nini hukuchomoa?" nilimuuliza.

"Nilikuwa nimefiwa, mheshimiwa. Kaka yangu alikuwa ndani, hajazikwa. Kwetu mfiwa hagusi jembe wala maji ya shamba mpaka maiti iingie kaburini. Nilimtuma mke wangu kwa mwenyekiti."

Mkewe, Dorkasi, alisimama kabla sijamwita. "Nilimwambia bwawa linajaa. Akanijibu leo hakuna kazi, kijiji kizima kinazika."

Rubeni hakukana. "Nilisema hakuna kazi. Sikumwambia aache wajibu wake."

Nilitamani kumrushia kalamu.

Kulia kwangu alikaa Mzee Tobia, kushoto Mzee Salimu. Ndio wazee wa baraza, na sheria ilimpa kila mmoja kura sawa na yangu. Niliwaeleza taratibu, maana niliona jambo lenyewe ni jepesi. Si kila kilichoharibika ni uzembe, niliwaambia. Sheria inauliza kama kazi ilikuwa yako, ukaijua, ukaiweza, halafu ukaiacha bila sababu ambayo mtu mwenye akili timamu angeikubali. Mtu aliyezuiwa si mzembe.

"Naam," alisema Tobia. "Hilo liko wazi."

Salimu alikuna kidevu. "Na waliopita pale, mheshimiwa?"

"Waliopita wapi?"

"Jeneza lilipita juu ya ukingo. Sisi tulikuwa nyuma yake. Bwawa lilikuwa limejaa pomoni, tukaliona."

"Nyinyi nani?"

"Kijiji chote. Na mwenyekiti. Na sisi wawili hapa."

Watu kwenye mabenchi wakaanza kutazama miguu yao. Kwa haki ningewatoa wazee wale barazani, lakini wengine ningewapata wapi? Mazishi yale yalihudhuriwa na kila mwenye miguu, Walutheri kwa Waislamu. Isitoshe, niliamini kesi imekwisha. Nikaomba kura zao.

"Ana hatia," alisema Tobia.

"Ana hatia," alisema Salimu, macho mezani.

"Mzee Salimu! Si wewe uliyesema sasa hivi..."

"Asipokuwa yeye, mheshimiwa, atakuwa nani?"

Hata hasira iliniisha, ukabaki uchovu mtupu. Wawili kwa mmoja. Nilisoma hukumu ambayo sikuiamini, nikampa miezi mitatu, nikimwonea haya yule mama aliyesimama mbele yangu.

Dorkasi hakulia. Aliuliza tu, "Nani atafungua maji?" Ukingo ulikuwa umekwisha kujengwa upya, na mvua ilikuwa haijakatika tangu juzi.

"Afande," Abrahamu alimwambia askari, "twende tupitie bwawani."

Ilikuwa njia ile ile ya kuteremkia barabarani, nami nikafuatana nao. Kijiji kikaja nyuma yetu kimya kimya, Rubeni akiwa na kofia mkononi. Maji yalikuwa yamefika juu, yanalamba ukingo. Askari hakuwa na ufunguo wa pingu, aliuacha kituoni. Abrahamu akalala kifudifudi kwenye tope, akaingiza mikono yake iliyofungwa majini, akavuta. Kizibo kilikuwa kimevimba. Akavuta tena, uso ukagusa maji.

"Jamani, hamna wa kumsaidia?" aliuliza askari.

Tobia alimtazama Salimu. Hakuna aliyesogea. Nikashindwa kuvumilia, nikavua koti, nikapiga magoti kando yake.

"Acha, mheshimiwa," alisema Abrahamu bila kugeuka. "Hii ni yangu."

Kizibo kikatoka. Maji yakashuka kwa kishindo, na watu wakaanza kuondoka haraka haraka, kila mmoja akiwahi mtaro wa shamba lake. Tulipomwinua Abrahamu, ukingoni tulikuwa tumebaki askari, Dorkasi na mimi.