Kola ya Mhandisi wa Barafu

Mdogo wangu ni mhandisi wa vifaa vya hospitali, lakini mimi humwita Mhandisi wa Barafu, kwa sababu friji yetu haina tena nafasi ya nyama wala maziwa. Imejaa barafu. Kasoma miaka chungu nzima, cheti chake kimetiwa fremu, na kazi yake kubwa ni kuniwekea barafu shingoni kisha kuikodolea macho kompyuta.

Ngoja nieleze. Nilizaliwa na kichwa maji. Maji ya ubongo wangu hayakuwa na njia ya kutoka, kwa hiyo nikiwa bado mchanga niliwekewa mrija. Unaanzia ndani ya kichwa, unapita nyuma ya sikio, unashuka chini ya ngozi ya shingo na kifua, na kumwaga maji tumboni. Mrija huo ndio ulionikuza nikawa fundi cherehani mwenye mdomo mrefu. Ubaya wake, huziba. Ukiziba, dalili ya kwanza ni kichwa kuuma, na nani asiyeumwa kichwa? Picha za hospitali nazo hazisemi ukweli kila mara. Nilipokuwa mtoto, nikitamka tu "kichwa", mama alifungasha mfuko, tukaenda, nikafunguliwa kichwa. Kuna safari daktari alikuta mrija mzima kabisa, hauna neno, akanishona na kuniomba radhi. Mdogo wangu alikuwa anabaki kwenye korido, ameshikishwa viatu vyangu.

Basi nikajifunza kunyamaza.

Yeye alipokua akatengeneza kiraka. Kinabandikwa juu ya ngozi pale mrija unapopita, na sehemu ya juu kidogo inawekwa barafu. Kama maji yanatembea, yanabeba ubaridi mpaka kwenye kiraka, na mstari kwenye kompyuta unaporomoka. Yakisimama, mstari unalala. Hakuna kisu wala uzi. Sisemi mbele yake, lakini ni kitu kizuri mno.

Shida ni fedha. Ugonjwa wetu hauna mashabiki. Wafadhili wanapenda ugonjwa wenye fulana zake na matembezi ya hisani, na ukiwatajia kichwa maji wanadhani unamtukana mtu. Mhandisi aliomba kila mahali, akajibiwa kwa adabu: kazi nzuri, hongera, tunakutakia kila la heri. Kwa heri tulizotakiwa tungejenga ghorofa. Ufadhili wa mwisho ulikuwa unaisha mwezi ule. Ukiisha, kiraka kinaingia kwenye boksi, na mimi narudi kwenye kisu.

Mfuko mmoja wa utafiti ukakubali kutuma wageni waje wajionee. Siku hiyo niliamka kichwa kinagonga.

Sikusema. Ningesemaje, siku hiyo kati ya siku zote? Nilimkuta mdogo wangu jikoni anatoa barafu, amevaa shati alilolipiga pasi mwenyewe, upande mmoja wa kola umesimama na mwingine umelala.

"Umependeza," nikamwambia. "Hasa hiyo kola."

Alinitazama usoni, kisha akaongeza barafu kwenye chombo. Tukaondoka.

Chumba cha majaribio kilikuwa stoo ya hospitali. Siku zote mimi hukaa humo juu ya stuli ndefu. Siku hiyo walikuwa wameazima kitanda wodini, wakakitandika shuka jeupe ili pafanane na hospitali ya kwenye matangazo. Daktari wa upasuaji, mama ambaye ameniona ubongo mara nyingi kuliko uso, alisimama pembeni. Wageni walikuwa wawili: kijana wa kamera, na mkuu wake, mama mwenye miwani mizito ambaye hakuna kilichokuwa kinamchekesha.

Nikavua viatu, nikavisukuma chini ya kitanda, nikalala. Barafu ikawekwa. Tukasubiri mstari uporomoke.

Mstari ukalala.

"Hii ina maana gani?" mama wa miwani akauliza.

"Maji hayatembei," mdogo wangu akasema. Akainama, akachukua viatu vyangu, akavikumbatia kifuani.

"Kichwa kinakuuma?" daktari akaniuliza.

Nikafungua mdomo niseme hapana.

"Kinamuuma," mdogo wangu akawahi. "Tangu asubuhi. Amenisifia kola."

Wageni wakatazamana.

"Huyu dada yangu hajawahi kunisifia tangu nizaliwe," akawaeleza. "Akinisema, mzima. Akinisifia, anaumwa. Nilijua, nikajifanya sijui, kwa sababu yenu."

Daktari akachukua simu. "Natayarisha chumba cha upasuaji."

Niliogopa. Niliogopa kama mtoto, na mikono ikawa baridi kuliko shingo. Kisha nikamwona yule mtu mzima, mbele ya watu walioshika riziki ya utafiti wake, amekumbatia viatu vya dada yake na machozi yanamlenga. Hasira ikanipanda. Nikainuka nikakaa wima.

"Weka viatu chini! Msomi mzima hana haya! Na hiyo kola imekaa kama sikio la mbuzi, ulipiga pasi umefumba macho?"

"Samahani," kijana wa kamera akasema. "Mstari."

Tukageuka wote. Mstari ulikuwa unaporomoka.

Daktari akaweka simu taratibu. "Alikuwa amelala chali," akasema. "Mtu akilala, maji yanaweza kutulia tu. Ndiyo maana siku zote tunamkalisha."

"Tunalijua hilo," mdogo wangu akasema kwa unyonge. "Sote tunalijua."

Walilijua, ila kitanda kizuri kiliwapumbaza, na woga ukamalizia. Wakarudia nikiwa nimekaa, mstari ukaporomoka tena. Daktari akanimulika macho, akaniuliza nimekula nini.

"Sijala tangu jana. Nilikuwa nashona pazia la hiki chumba chenu, msije mkaaibika."

"Basi ni njaa," akasema. "Nilikuwa nakwenda kukufungua kichwa kwa ajili ya njaa."

Mama wa miwani akavua miwani, akaifuta. "Kwa hiyo kifaa kilikuwa sahihi mara zote mbili. Waliokosea ni nyinyi."

"Ndiyo," mdogo wangu akakiri.

"Andikeni kwa herufi kubwa, kabla hamjawagusa watoto wa wodini: mgonjwa akae."

Ndipo nikajua fedha hatukuzikosa. Walitupatia nusu ya tulichoomba, na nusu nyingine wakatutakia kila la heri. Mhandisi alinuna wiki nzima. Nilimwambia nusu hiyo inatosha kwa barafu, na kwamba sasa wodini kuna watoto wanaopigwa kiraka badala ya kisu, aache kununa.

Jana kichwa kiliniuma tena. Nikakaa kwenye stuli jikoni, nikapaza sauti mpaka jirani akasikia: "Kichwa kinauma!" Sikuwahi kuyasema maneno hayo kwa sauti tangu utotoni. Hakuna aliyefungasha mfuko. Viatu vyangu vilibaki mlangoni.

Mdogo wangu akaja na barafu mkononi na kola upande. Akanibandika kiraka, akafungua kompyuta.

"Kwanza nitukane," akasema.

Nikamtukana mpaka mstari ukaporomoka.