Kasuku wa Mariyama, Pomboo wa Koulsoum

Hayrat alikuwa nyuma ya pazia, roho juu, akisikiliza wanawake wawili wakimwamulia ataishi wapi. Mama yake, Mariyama, alitaka desturi ya Kikomoro ifuatwe: mume ahamie kwa mke, hapa hapa Mahabibo, mjini Mahajanga. Shangazi Koulsoum, aliyemlea bwana harusi, Chaher, alikuwa amepanda meli kutoka Nosy Be kuja kumchukua mwali. Chaher mwenyewe, karani wa forodha ya Wafaransa kule Nosy Be, aliyeketi kando ya shangazi yake, alisema uhamisho wa kazi kuja Mahajanga ataupata, ila kubishana na wanawake hawa hathubutu. Mwoga, lakini wa kupendeza.

Koo hizi mbili zilikuwa watani. Ukoo wa Koulsoum hauli pomboo, wa Mariyama hauli kasuku mweusi. Basi kila posa iligeuka mashindano ya kusifu mnyama wa ukoo, na anayeishiwa na jibu hukubali neno la mwenzake.

"Kasuku wetu jike," Mariyama alianza, "akitaka kulea hunyonyoka kichwa chote, akakaa tunduni akiimba. Haendi popote. Madume ndio wanaomletea chakula."

"Madume?" Koulsoum akadakia. "Wangapi?"

Mariyama alijiuma ulimi. "Wanne... watano."

Chumba kizima kiliangua kicheko.

"Chaher, mwanangu, umesikia? Huku kuna zamu!"

Hayrat alicheka huku machozi yakimlenga. Mama hakuwa na jibu, wala hakuwa na mtoto mwingine.

Koulsoum, kwa kuvimba kichwa, hakujua kunyamaza. "Pomboo wetu huruka akajizungusha hewani kama pia, lakini ana adabu zake. Mtoto huogelea ubavuni mwa mama yake, haachani naye."

"Hata wa kike, shangazi?"

Mwali hatakiwi kusema siku hiyo. Hayrat alisema.

"Hasa wa kike!" Koulsoum alijibu kwa fahari, kisha akaziba mdomo. Mariyama alipiga kigelegele kilichofika mtaa wa pili, Mangarivotra.

Koulsoum naye alicheka, maana kushindwa ni kushindwa: Chaher ndiye atakayehamia Mahabibo. Mara kicheko kikamkatika.

"Huyu nilimpokea ana siku saba," alisema akimtazama Chaher. "Sasa meli ya Alhamisi nitapanda na nani?"

Hayrat, aliyepata yote aliyoyataka, alitoka nyuma ya pazia kabla ya wakati wake, akaketi mkekani na kumshika mkono shangazi.