Pikapu Kwenye Mteremko

Tangu baba mkwe atutoke, pikapu lake lililala uani, pua juu, mkia chini, jiwe nyuma ya tairi. Ndilo lililobeba viti na maturubai ya kukodisha, kazi iliyotulisha sote. Mchana ule dalali alikuwa njiani kuja kulichukua. Siku alipolikagua alichomoa kijiti cha kupimia, akakuta oili iko chini, akatikisa kichwa.

"Injini hii inakunywa oili, mama. Uza kabla haijakufia mkononi."

Mama mkwe akaamini. Mimi, niliyekuwa nikisomea ufundi darasa la jioni na mtoto mgongoni, nilitaka niliendeshe, viti vitoke tena.

"Haya, fundi wa jioni," mama mkwe alisema, akimpokea mtoto na chupa yake ya maziwa. "Nionyeshe huo uhai unaouona peke yako."

Nikainua boneti. Jua likamiminika ndani na vumbi likaanza kuelea, taratibu, kama linaota. Kwangu injini ni nyumba ya watu waliolala mchana. Unaingia kwa kunyata. Huyu hapa betri, vichwa vimeota ukungu mweupe. Yule rejeta, mpenda maji, hafunguliwi akiwa wa moto. Kule pembeni kikopo cha oili ya breki, kimejaa hadi kwenye mstari. Mkanda niliubonyeza kwa kidole gumba ukanirudishia, mgumu kidogo, kama ufizi wa mtoto anayeota jino.

"Unawaamkia?"

"Nawajulia hali, mama."

"Wakiitikia, mimi mbio hadi barabarani!"

Nikachomoa kijiti, nikakipangusa, nikakichovya tena. Oili ilikuwa chini ya alama ya chini. Kama alivyosema dalali.

"Si unaona, mwanangu?" Sauti yake haikuwa na ushindi. "Mzee kaondoka na gari lake."

Mtoto akaanza kulalamika. Chupa ilikuwa imelala mkononi mwa bibi yake. Maziwa yalikuwa bado mengi, lakini yote yamekimbilia kwenye kitako.

"Mama, iinue, anameza hewa—"

Kijiti kikadondosha tone kwenye kidole changu cha mguu. Pikapu pua juu. Kijiti kiko mbele. Oili imekimbilia nyuma!

"Mama, naomba ufunguo. Usukani umejifunga. Nataka tu kulishusha hadi pale tambarare."

Akafungua fundo la pindo la kanga yake, akautoa. "Nakuazima. Umesikia? Nakuazima."

Niliondoa jiwe, nikaingia, nikaachia breki ya mkono. Pikapu likateremka bila kishindo. Kuta zilipita, kamba ya nguo ikapita na nepi za mtoto zikinipungia, nami nikawa kama ninayeelea ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Chini, lilisimama lenyewe.

Tukaingoja oili itulie. Nilipochomoa kijiti mara hii, ilikuwa katikati ya alama mbili, rangi ya asali iliyokaa.

"Hainywi, mama. Ilikuwa imelala vibaya tu."

Aligusa kijiti kwa ncha ya kidole, akanusa, akafumba macho. Honi ya dalali ikalia getini.

Nikamnyooshea ufunguo.

"Huoni mikono yangu imejaa mtoto?" akasema, akielekea getini. "Washa hilo gari, alisikie vizuri nikimrudisha."